Nimepigwa: kabini ya sola Lushoto, paneli zinatazama kusini kama ziko Ulaya

Wakuu, siombi ushauri, nimekuja kutema nyongo.

Mwaka jana nilimpa jamaa mmoja hela zangu anichoree na kunijengea kabini ya mbao huku Lushoto, ya kupangisha wageni. Nguzo ya Tanesco haijafika shambani kwangu, kwa hiyo kila kitu sola. Akanionyesha picha za kompyuta, vioo mpaka chini, mtu anakunywa kahawa. "Rafiki wa mazingira, bosi, umeme hulipi tena." Nikaingia mkenge.

Desemba akakabidhi, kila kitu kinawaka. Juni ikaingia. Saa mbili usiku inveta inalia pii, pii, pii, kisha giza, na mgeni yuko bafuni na sabuni usoni. Nikasingizia ukungu, Lushoto ya Juni mnaijua. Juzi nikamleta fundi kutoka Tanga, akapanda paani, akacheka mpaka nikaogopa ataanguka. Paneli zote zimeinamishwa kusini, nyuzi 30! Mchoro wa Ulaya huo, kaunakili kama ulivyo. Kwao jua liko kusini, sawa. Sisi tuko karibu nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta, na jua la mchana la Juni liko kaskazini. Paneli zangu zimelipa mgongo, zinaambulia kama nusu ya nguvu yake hata siku isiyo na wingu. Bora angezilaza bapa tu. Desemba zilifanya kazi kwa sababu jua la Desemba ndilo liko kusini. Mnaona nilivyoingizwa mjini?

Betri nayo ni moja, ya maji, 12V, 200Ah. Zidisha, unapata wati-saa 2,400, na betri ya aina hii ukizoea kuishusha chini ya nusu unaiua. Zinabaki 1,200, friji peke yake inakaribia kuzimaliza. Hakuwahi kuniuliza nitachomeka nini! Halafu kaiweka wapi? Chini ya kitanda. Betri ya maji ikichajiwa inatoa haidrojeni, hewa inayolipuka, na juu yake amelala mtu aliyelipia chumba. Februari mama mmoja aliniambia, "Baba, humu kunanuka yai viza." Nikatafuta panya aliyekufa siku nzima.

Sasa nimenunua jenereta. Rafiki wa mazingira ananguruma nyuma ya nyumba, petroli lita 4 kila usiku, wageni waliofuata utulivu wanafunga madirisha.

Nimempigia, eti "Mzee, hiyo ni hali ya hewa." Nikamtumia picha za paa, tiki mbili za bluu, kimya mpaka leo.

Jumamosi fundi anarudi kugeuza paneli na kuitoa betri nje, kwenye boksi lenye matundu. Kwa hela yangu tena. Na jamaa bado anaitumia kabini yangu kutangaza biashara yake kwenye ukurasa wake, ile picha ya jioni, taa zote zinawaka. Ya Desemba.