Shajara za Kapteni Grant zinatuambia nini kuhusu Karagwe ya Rumanyika?

Mwalimu_Kagera

Ndugu wanajukwaa, natumaini mko salama. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari mkoani Kagera, na kwa muda sasa nimekuwa nikikusanya habari za ufalme wa Karagwe enzi za Omukama Rumanyika. Kila ninapofuatilia chanzo cha habari hizo, ninarudishwa kwa watu wawili: John Hanning Speke na mwenzake James Augustus Grant, maofisa wa jeshi la India lililokuwa chini ya Waingereza, waliopita huku mwaka 1861 wakitafuta chimbuko la Mto Nile. Speke anajulikana. Grant hatajwi sana, ingawa yeye ndiye aliyebaki Karagwe kwa miezi kadhaa akiuguza mguu.

Ninaelewa kwamba shajara na michoro yake imehifadhiwa Scotland. Naomba mwenye ujuzi anieleze Grant alikuwa mtu wa namna gani, na karatasi hizo zina faida gani kuliko kitabu alichokichapisha. Nauliza kwa uzito, kwa sababu wanafunzi wangu wakisoma habari za Karagwe hukutana na simulizi moja tu, ile ya wake wa mfalme walioneneshwa kwa maziwa, nami naona huko ni kuudhulumu ufalme mzima.

Msoma_Nyaraka

Mwalimu, asante kwa swali hili.

Grant alizaliwa mwaka 1827 Nairn, kaskazini mwa Scotland, akasoma Aberdeen na kuingia jeshini India mwaka 1846. Alipigana katika vita dhidi ya Masingasinga, na wakati wa maasi ya 1857 alijeruhiwa mkononi huko Lucknow. Mwaka 1860 alifuatana na Speke hadi Zanzibar, ambako alipiga picha kwa kamera kabla ya safari kuanza, na baadhi ya picha hizo zipo hadi leo. Baadaye aliiacha kazi hiyo kwa sababu joto ndani ya hema la kusafishia picha lilikuwa halivumiliki, akashika penseli na rangi za maji. Uamuzi huo umetufaa sana sisi wa leo, maana michoro yake ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za watu na makazi ya bara tulizo nazo.

Walifika kwa Rumanyika mwishoni mwa Novemba 1861. Januari 1862 Speke aliondoka kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, na Grant, ambaye mguu wake ulikuwa umevimba na kutoa usaha kiasi cha kutoweza kusimama, akabaki hadi katikati ya Aprili alipoondoka akiwa amebebwa kwenye machela. Hapo ndipo ninapoona thamani yake. Msafiri anayetembea huona kijiji kwa siku moja na kukiandikia hukumu, lakini huyu alilazimika kukaa mahali pamoja, akitembelewa na wana wa mfalme, akitibiwa na waganga wa Kinyambo, wenyeji wa Karagwe, waliomwekea dawa ya kubandika yenye samadi ya ng'ombe, chumvi na tope la ziwani, na akitazama majira yakibadilika. Asingekuwa mgonjwa, tungekuwa na kurasa chache tu.

Shajara za safari, michoro na barua zake ziko katika Maktaba ya Taifa ya Scotland, Edinburgh. Kitabu chake kilitoka mwaka 1864, na hakikupangwa siku kwa siku. Alikusanya mambo ya nchi moja mahali pamoja, akaunganisha na kupunguza. Kwa hiyo anayetaka kujua jambo fulani lilitokea lini, au alilisikia kabla au baada ya jambo jingine, hana budi kurudi kwenye shajara. Michoro nayo ina habari yake. Picha nyingi zilizomo katika kitabu cha Speke zilitokana na michoro ya Grant, lakini zilichorwa upya Uingereza na mafundi ambao hawakuwahi kufika Afrika, na sura za watu na vitu zikabadilika mikononi mwao.

Mkusanya_Mbegu

Naongeza dogo tu. Grant alikusanya mimea njia nzima, na matokeo yake yalichapishwa na Linnean Society ya London, chama cha wanasayansi wa viumbe hai, kuanzia mwaka 1872 pamoja na vielelezo vingi. Anayetaka kujua mimea iliyokuwepo njiani kati ya Bagamoyo na Gondokoro, katika Sudan Kusini ya leo, miaka ya 1860 ana pa kuanzia. Swala granti wa mbuga zetu amepewa jina lake pia.

Mjukuu_wa_Bweranyange

Ndugu Msoma_Nyaraka ameeleza vizuri, ila naomba nimwonye Mwalimu kuhusu mambo mawili.

La kwanza ni nadharia waliyokuja nayo. Speke aliamini kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu, wakiwemo Bahinda wa Karagwe, walikuwa wageni wenye asili ya Uhabeshi, na mwenyewe ameandika kwamba alimweleza Rumanyika kuwa ni wa uzao wa Mfalme Daudi. Fikra hiyo haikuishia kitabuni. Wakoloni waliipokea, ikatumika kuwagawa watu kwa asili, na Rwanda iliilipia kwa damu. Kwa hiyo maelezo yoyote ya nasaba yaliyoandikwa baada ya mazungumzo hayo yapimwe upya, kwa sababu mgeni alikuwa amekwisha kumpa mwenyeji wake jibu kabla ya kumuuliza swali. Yale waliyoyaona kwa macho, kama ngoma zilizopangwa uwanjani siku ya mwezi mwandamo, yana nguvu zaidi kuliko yale waliyoyakisia.

La pili ni lugha. Maofisa hawa walizungumza na Rumanyika kupitia kwa watu waliotoka pwani na Unyamwezi. Mmoja wao, Sidi Mubarak Bombay, alizungumza na Speke kwa Kihindustani, na wengine walijua Kiswahili na lugha za bara. Kila neno la mfalme lililomo katika karatasi hizo limepitia vinywa vya watu hao kabla ya kufika kwenye wino. Mwishoni mwa safari walibaki watu 18 tu wa kundi hilo walioandamana na maofisa hadi Cairo. Namwomba Mwalimu awataje darasani, kwani wao ndio waliozisikia habari hizo kwanza.

Mwalimu_Kagera

Nimewaelewa na ninawashukuru sana. Je, kuna tofauti kubwa kiasi cha kuhangaikia kati ya kilichoandikwa safarini na kilichochapishwa? Sipendi kuwaambia wanafunzi kwamba chanzo fulani ni bora kwa sababu tu ni cha kale zaidi.

Msoma_Nyaraka

Ipo, Mwalimu, na mfano ulio wazi ni wa Speke mwenyewe. Uandishi wake ulionekana kuwa dhaifu, na mchapishaji wake, Blackwood, akampa mtu mwingine, John Hill Burton, kazi ya kuusahihisha. Muswada wake umehifadhiwa, na ukilinganishwa na kitabu kilichotoka mwaka 1863 unaonyesha kwamba mambo kadhaa yaliyohusu maisha yake binafsi katika jumba la kifalme la Buganda yaliondolewa ili wasomaji wa Uingereza wasikwazike. Grant alikuwa mtulivu na mwaminifu mno kwa rafiki yake. Grant hakuwepo wakati Speke alipofika kwenye maporomoko ambako Nile ilitoka Ziwa Victoria, tarehe 28 Julai 1862, kwa kuwa alikuwa ametangulizwa kuelekea Bunyoro, lakini alimtetea hadharani hata baada ya kifo chake mwaka 1864. Uaminifu huo ni sifa njema, ila kwa mtafiti ni sababu ya kutafuta alichokiandika jioni ileile, kabla hajajua kwamba kutakuwa na ubishi kuhusu chimbuko la Nile.

Ningekuwa mimi, ningechagua siku chache za mwanzo wa mwaka 1862, nikaomba nakala za kurasa hizo na michoro ya kipindi hicho kutoka maktaba ya Edinburgh, kisha nikaziweka mezani pamoja na simulizi za wazee wa Bweranyange, yaliyokuwa makao makuu ya ufalme huo, na vyombo vya chuma vya kifalme vya Karagwe vilivyosalia. Wanafunzi waulizwe kila chanzo kinanyamaza wapi.

Mjukuu_wa_Bweranyange

Hapo tunakubaliana. Mwalimu akiwa tayari, wapo wazee wa huku wanaozihadithia habari za Rumanyika na mdogo wake Rogero waliyegombania naye kiti, na nitafurahi kumkutanisha nao.