SH2 ya Grb2 inavuta EGFR kidogo mno, na R86K nayo inavuta: tatizo liko wapi?

Zuhura_Bio aliuliza:

Salaam wakuu. Navuta EGFR (kipokezi cha EGF, homoni ya ukuaji wa seli) kutoka seli za saratani za A431 kwa kutumia GST-SH2 ya protini Grb2 (amino asidi ya 60 hadi ya 152, plasmidi ya pGEX, bakteria BL21). SH2 ni kipande kinachoshika fosfotairosini, yaani tairosini yenye fosfeti; GST ni mpini unaonasa kwenye shanga za glutathioni. Seli zinakaa bila siramu usiku kucha, zinapewa EGF 100 ng/ml kwa dakika 5, zinapasuliwa juu ya barafu. Kisha lisati (majimaji ya seli zilizopasuliwa) ya miligramu 0.5 ndani ya mililita 0.5 inazungushwa na mikrogramu 20 za protini iliyo kwenye shanga za glutathioni, kwa muda wa saa 2, nyuzi 4.

Bafa: Tris 50 mM pH 7.5, NaCl 150 mM, Triton X-100 1%, EDTA 5 mM, DTT 1 mM, othovanadeti ya sodiamu 1 mM, NaF 10 mM, na vizuizi vya proteasi.

Ninachokiona:

Bloti (kipimo cha kingamwili) ya fosfotairosini kwenye lisati mbichi inang'aa vizuri. Lisati hiyo hiyo baada ya saa 2 imefifia sana, hata kwenye mrija ambao haukuwekwa shanga. EGFR iliyovutwa ni hafifu. R86K (SH2 ambayo arjinini ya 86 imegeuzwa lisini ili isishike fosfeti) inatoa bendi, ndogo lakini ipo. GST tupu haitoi kitu. Nikitumia GST-Grb2 nzima, jeli ya rangi ya fedha inaonyesha bendi nene pale pale karibu na 170 kDa.

Maswali mawili zaidi: unene wa bendi unaweza kunipa makadirio ya Kd (kipimo cha nguvu ya kushikana; ikiwa ndogo, mshiko ni mkali)? Na je, SH2 peke yake inatosha kueleza kazi ya Grb2 ndani ya seli?

Fundi_Bafa:

Dada Zuhura, jibu la fosfotairosini kupotea liko kwenye orodha ya bafa. Umeweka vanadeti, ambayo huzuia fosfatesi (vimeng'enya vinavyong'oa fosfeti), halafu ukaweka vitu viwili vinavyoiua. DTT inaibadilisha vanadeti kuwa umbo lisilozuia kitu, na EDTA inaikamata vanadiamu yenyewe. Mbaya zaidi, fosfatesi za tairosini hufanya kazi kwa sisteini, na DTT huiweka sisteini hiyo tayari kwa kazi. EDTA nayo haizigusi, kwa sababu hazihitaji metali. Kwa hiyo umetengeneza mazingira mazuri kabisa ya kung'oa fosfeti. NaF haitakuokoa hapa. Inasaidia upande wa serini na threonini.

Mrija wako usio na shanga ndio ushahidi. Kama fosfotairosini inapotea bila shanga, SH2 haina kosa.

Toa DTT na EDTA kwenye bafa ya kupasulia seli za A431. DTT ibaki kwenye bafa ya bakteria tu, kisha shanga zioshwe mara 3 kwa bafa isiyo nayo kabla hazijakutana na lisati. Ukiogopa proteasi zinazohitaji metali, ongeza EGTA 1 mM badala ya kurudisha EDTA.

Vanadeti nayo iandaliwe ipasavyo. Tengeneza 200 mM, peleka pH hadi 10, itageuka njano. Chemsha mpaka iwe haina rangi, ipoe, pima pH tena, rudia mpaka ikae bila rangi kwenye pH 10. Ile njano ni vanadeti iliyoungana vipande vipande, na haizuii inavyotakiwa. Gawa kwenye mirija midogo, weka nyuzi 20 chini ya sifuri.

Punguza pia muda wa kuzungusha. Dakika 45 hadi 60 zinatosha.

Kontroli_Kwanza:

Nakubaliana na Fundi, ila bendi ya R86K haitaondoka kwa kurekebisha vanadeti. Pengine itakuwa kubwa zaidi, maana kutakuwa na EGFR yenye fosfeti nyingi zaidi.

Arjinini 86 hushika oksijeni mbili za fosfeti kwa wakati mmoja. Lisini inabaki na chaji chanya lakini haiwezi mshiko huo wa pande mbili, ndiyo maana R86K huhesabiwa kuwa imekufa. Bendi ikibaki, kwanza shuku uchafu. Mifano ninayoifahamu vizuri:

1. DNA na RNA za bakteria. Mfuko wa SH2 una chaji chanya, unabeba asidi nukleiki hadi kwenye shanga, nazo hubeba protini nyingine. Tibu lisati ya bakteria kwa nyukliesi pamoja na MgCl2 2 mM (hapo pia usiweke EDTA), kisha osha shanga mara moja kwa NaCl 500 mM.

2. Mabonge. Lisati ya A431 isokotwe kwa 16,000 g dakika 15, na ukichota usiguse tope la chini.

3. Protini iliyojikunja vibaya. Kama ulichochea bakteria watengeneze protini kwa IPTG 1 mM kwenye nyuzi 37, rudi nyuzi 18 usiku kucha, IPTG 0.2 mM, ukianza OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) ikiwa 0.6. Ukiona bendi karibu na 70 kDa kwenye shanga, huyo ni DnaK, chaperoni ya bakteria. Anaondoka ukiosha kwa ATP 5 mM na MgCl2 10 mM, lakini akiwa mwingi mno ujue protini yako yenyewe haijakaa sawa.

Halafu GST tupu: umeilinganisha kwa mikrogramu au kwa moli? GST ni 26 kDa, GST-SH2 ni kama 37 kDa. Mikrogramu 20 za GST-SH2 zinalingana na mikrogramu 14 za GST. Na kwa kuwa GST tupu hutoka kwa wingi, shanga zake hujaa haraka, mtu anaishia kuweka mikrolita 3 upande mmoja na 20 upande wa pili. Ongeza shanga tupu mpaka ujazo ulingane. GST yako "haitoi kitu" pengine kwa sababu ina shanga chache.

Kontroli ninayoiamini kuliko zote ni lisati iliyoondolewa fosfeti: fosfatesi ya lambda, MnCl2 1 mM, nyuzi 30, dakika 30, bila vanadeti wala NaF. Bendi ikibaki hapo, haihusiani na fosfotairosini. Usisahau kuzima fosfatesi hiyo kwa vanadeti kabla ya kuweka shanga.

Na jambo la namba: tairosini inayoshikwa zaidi na Grb2 utaiona ikiitwa 1068 kwenye kingamwili nyingi na 1092 kwenye hifadhidata. Tofauti ya 24 ni kipande cha mwanzo kinachokatwa.

Mizani:

Kuhusu Kd: hapana. Usiiandike hata kama makadirio.

Tufanye hesabu. Mikrogramu 20 za GST-SH2 ni kama pikomoli 540. Kwenye mililita 0.5 ni takriban 1.1 µM. SH2 hushika peptidi yenye fosfotairosini kwa Kd ambayo mara nyingi iko kati ya 0.1 na 1 µM. Kwa kiasi hicho unavuta sehemu kubwa ya EGFR yenye fosfeti, iwe Kd ni 0.1 au 0.3. Bendi haitatofautisha.

Pili, GST hukaa mbili mbili. SH2 mbili zilizofungwa pamoja, mbele ya kipokezi chenye tairosini 1068 na 1086 zote zikiwa na fosfeti, zinashikilia kwa nguvu ambayo SH2 moja haina. Ikiachia mkono mmoja, wa pili bado umeshika. SH2 moja huachia ndani ya sekunde chache; ndiyo maana huwa nashangaa watu wakiandika kwamba muungano ni "imara" kwa sababu ulivumilia kuoshwa mara nne.

Ukihitaji Kd, kata GST, pitisha SH2 kwenye safu ya kutenganisha kwa ukubwa (SH2 ya Grb2 ina tabia ya kubadilishana vipande na kuwa pacha, chukua kilele cha moja moja tu), kisha pima kwa mwanga uliopolarishwa (fluorescence polarization): peptidi yenye fluoresini 10 nM, SH2 kuanzia 0.01 hadi 20 µM. Peptidi ya EGFR yenye PEpYINQ inafaa. Weka na ile isiyo na fosfeti.

Seli_na_Ishara:

Swali la mwisho ndilo tamu. SH2 peke yake haielezi kazi ya Grb2. Inaeleza anwani tu.

Grb2 ni SH3-SH2-SH3, yaani vipande vitatu vya kushikia tu, amino asidi 217, haina kazi ya kimeng'enya. SH3 ya mwanzo inashika mkia wa SOS wenye prolini nyingi, na SOS ndiyo inayoitoa GDP kwenye Ras (swichi ya ishara za ukuaji) ili GTP iingie na kuiwasha. Ras iko kwenye utando. EGFR ikipata fosfeti, SH2 inaileta SOS hapo hapo utandoni. Ndiyo maana ukiijaza seli SH2 tupu, unazima ishara badala ya kuiwasha: imekalia fosfotairosini bila kuleta SOS. Jaribio la kuthibitisha kwenye seli ni kulinganisha Grb2 ya kawaida, R86K, na zenye SH3 iliyoharibika, yaani P49L na G203R, kisha upime Ras-GTP au ERK yenye fosfeti, ambayo huwashwa baada ya Ras.

Hapa pia kuna jibu la bendi yako nene. SOS1 ina amino asidi 1,333, inakimbia karibu sana na EGFR kwenye jeli. GST-Grb2 nzima inaivuta kwa SH3 hata bila EGF. Rangi ya fedha haiwezi kukutenganishia. Fanya bloti mbili, ya EGFR na ya SOS1. Tazama pia eneo la 110 hadi 120 kDa, ndipo wanapokaa Gab1 na Cbl, protini nyingine zinazoshikwa na Grb2.

Angalizo: kuvuta si ushahidi wa kushikana moja kwa moja. Shc, protini nyingine ya kuunganisha, ikiwa na fosfeti kwenye tairosini 317 (pYVNV) inaweza kusimama katikati ya EGFR na SH2 yako. Hamishia EGFR kwenye utando wa bloti, kisha mwagia GST-SH2 1 µg/ml na uitafute kwa kingamwili ya GST. Tairosini hizi ziko kwenye mkia ulionyooka, zinashikwa hata protini ikiwa imefumuliwa na SDS.

Kuhusu uchaguzi wa anwani, Grb2 inataka asparajini nafasi ya pili baada ya fosfotairosini, kwa sababu tripitofani 121 inaziba njia na kuilazimisha peptidi ikunje kona. Mwaka 1994 ilionyeshwa kwamba kubadili threonini moja ya SH2 ya Src kuwa tripitofani kunaifanya ichague kama Grb2, na ikaweza kushika nafasi ya SH2 ya Sem-5 (Grb2 ya mnyoo) ndani ya mnyoo C. elegans. Lakini usidhani kila SH2 ni ya kupeleka mzigo. Kwenye SHP2, fosfatesi yenye SH2 mbili, SH2 ya kwanza inaziba mdomo wa fosfatesi ya protini ile ile mpaka fosfotairosini iivute pembeni. Badiliko la E76K linaacha mdomo huo wazi, na linaonekana kwenye leukemia ya watoto.

Zuhura_Bio:

Ahsanteni sana. Natoa DTT na EDTA. Shanga zenye protini naweza kuzigandisha?

Kontroli_Kwanza:

Usigandishe, zinapasuka na protini inaharibika. Kaa nazo nyuzi 4 siku chache, na kila mara pima mikrolita 5 kwenye jeli pembeni ya BSA (protini ya kulinganishia) ya mikrogramu 0.5, 1 na 2. Ukitaka akiba ya muda mrefu, gandisha tope la bakteria kwa nyuzi 80 chini ya sifuri, upasue unachohitaji siku ya jaribio.