Mwembe wangu una matundu shinani na unamwaga unga, naomba ushauri

Chipukizi12
Habari zenu wadau. Nina mwembe wa miaka 12. Tangu mwezi uliopita naona matundu manne kwenye shina, karibu na ardhi, na kila asubuhi chini yake kuna unga kama wa msumeno. Utomvu mweusi unachuruzika pembeni. Tawi moja la juu limeanza kukauka. Nimepuliza dawa kwenye majani mara mbili, hakuna mabadiliko. Mti huu aliupanda marehemu baba, sitaki kuukata. Nifanyeje?

MlinziWaMiti
Pole sana ndugu. Kabla ya lolote, tundu lina ukubwa gani? Na unga ni mkavu au una unyevu? Nauliza kwa sababu kuna mbawakawa wadogo wa milimita 2 hivi ambao huingiza kuvu ndani ya mti, na hao hawatolewi kwa mkono. Tazama pia kama kuna vijia vya udongo juu ya gome, maana hao watakuwa mchwa.

Chipukizi12
Udongo hakuna. Kalamu inaingia vizuri. Unga una unyevu na nyuzinyuzi.

MlinziWaMiti
Basi inaelekea ni buu wa mbawakawa mwenye vipapasio virefu, na unga mbichi maana yake yuko hai. Jike hutaga kwenye nyufa na vidonda vya gome. Buu akianguliwa hula kwanza chini ya gome, mle chakula cha majani kinamopitia kushuka mizizini, kisha huzama kwenye mbao. Anaweza kukaa humo mwaka mzima au zaidi. Ndiyo maana dawa ya majani haikumgusa.

Chukua waya mwembamba unaopindika, ukunje ncha iwe kama ndoana. Usukume taratibu huku ukiuzungusha, ukifuata njia aliyoichimba yeye, usilazimishe. Ukitoka na majimaji meupe umempata. Ziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi, kisha fagia unga wote chini. Hilo la kufagia wengi hulipuuza, na bila hilo hutajua kama unga wa kesho ni mpya.

Jembe_Kali
Mimi humimina petroli tunduni na kuziba. Kazi kwisha.

MamaMiche
Kaka, tafadhali usimshauri hivyo. Petroli huua pia sehemu hai ya shina, ile ile ambayo mti unaihitaji ili ufunge kidonda. Na ni hatari ya moto.

Chipukizi, naomba uangalie kilichomwita mdudu. Mti wenye kiu au uliojeruhiwa ndio hushambuliwa zaidi. Je, mnalima kwa jembe hadi shinani?

Chipukizi12
Ndiyo, na kuna kovu la jembe hapo hapo kwenye matundu. Sikuwahi kuhusisha mambo hayo mawili.

MamaMiche
Basi acha kulima hapo, palilia kwa mkono. Tandaza nyasi kavu kuzunguka mti lakini zisiguse shina, na umwagilie maji mengi mara chache badala ya kidogo kila siku. Tawi lililokauka likate mpaka kwenye mbao hai na ulichome, usilirundike karibu, kwani mabuu hukomaa hata ndani ya gogo lililokatwa. Shina lipake chokaa, ili jike apate shida kutaga na wewe uone tundu jipya haraka. Ukifikiria dawa ya kufyonzwa na mti, soma lebo kwanza kama inaruhusiwa kwa miti ya matunda, na usiitumie mti ukiwa na maua. Nyuki watakufa.

Chipukizi12
Mrejesho baada ya siku 9: nimetoa mabuu matatu, mmoja anazidi kidole changu kwa urefu. Matundu matatu yamekauka. La nne bado linatoa unga, na waya unagonga kona.

MlinziWaMiti
Kazi nzuri sana. Kwa hilo la nne jaribu waya laini zaidi, na ukague juu ya tundu. Ukigonga gome likasikika tupu, njia imepanda huko.