Methadone ya bure Dar: nani ailipie?

Wakuu, naomba tulijadili hili bila kutukanana. Tangu kliniki ya methadone, dawa ya kunywa anayopewa mraibu badala ya heroini, ilipofunguliwa Muhimbili mwaka 2011, mraibu wa heroini jijini Dar es Salaam anatibiwa bila kulipa. Zikafuata Mwananyamala na Temeke, halafu mikoani. Mtu anafika asubuhi, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, arosto (yale maumivu ya kukosa unga) inatulia, na kesho anarudi tena.

Wapo wanaosema ni hela ya umma inayomwagwa kwa watu waliojitakia. Mimi nasema hela yetu wenyewe iliyowekwa pale ni ndogo mno. Mpango huu umebebwa sana na Wamarekani kupitia PEPFAR, mfuko wao wa UKIMWI. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje, tuliona saini ya mtu mmoja inavyoweza kuyumbisha huduma za huku. Na methadone si dawa ya kuruka siku. Ukiikosa siku chache, arosto inakurudisha kwenye kete za unga, na mwili uliokwishasahau kipimo cha zamani unaweza kuzidiwa ukafa.

Desemba 2023 DCEA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, walitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamphetamine. Kazi kubwa, nawapongeza. Lakini mzigo ukikamatwa, kijana wa maskani anaamka na arosto ile ile. Asipopata dawa, atatafuta unga kwa muuzaji mwingine.

Kinachoniuma zaidi ni nauli. Dawa ni bure, daladala si bure. Asiye na kazi anayekaa pembezoni mwa jiji kwa kawaida anatakiwa afike kliniki kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Akikosa nauli anaitwa mkaidi. Halafu akishakunywa, saa tatu asubuhi, aende wapi? Anarudi maskani kwa wale wale aliokuwa akivuta nao.

Pombe ndiyo imesahaulika kabisa. Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017, gongo ipo. Methadone haimsaidii mlevi. Familia nyingi zinaishia kumpeleka soba hausi, nyumba ya kukaa mtu anayeacha ulevi, na kulipa kila mwezi, na asiye na hela anabaki naye nyumbani.

Mchangiaji: Mkuu, mama yangu ana kisukari na dawa tunanunua. Yeye hakujitakia. Kwa nini teja apewe bure? Tena hiyo methadone si ulevi mwingine tu, tofauti ni kwamba unatolewa hospitali?

Mwanzisha mada: Pole sana kwa mama, mkuu. Dawa za kisukari nazo zingepaswa kumfikia bila maumivu ya mfuko, hapo niko upande wako. Ila kumnyima mraibu hakumpunguzii mama bei.

Kuhusu ulevi: ni kweli methadone ni ya jamii moja na heroini na mwili unaizoea. Sikatai. Lakini inanywewa, kwa hiyo hakuna sindano ya kuchangia, na sindano ndiyo inayosambaza VVU na homa ya ini aina ya C, mpaka kwa mke wa mtu ambaye hajawahi kuugusa unga. Inakaa mwilini siku nzima, kipimo kinapangwa na daktari, na mtu anapata akili ya kutulia. Asiyesakwa na arosto alfajiri hana sababu ya kung'oa vioo vya magari ya watu.

Sasa nawauliza mnaozijua bajeti za halmashauri. Asilimia 4 ya mapato ya ndani inatengwa kwa mikopo ya vijana. Kikundi cha waliotulia kwenye dawa, chenye barua ya kliniki, kinaweza kupokelewa, au ofisa atawafukuza akiona tu makovu ya sindano? Na dozi yenyewe kutolewa kwenye vituo vya afya vya kata, kinachozuia ni sheria, wafamasia au hela?