Data za programu kutoka OCS Inventory: tuzipeleke GLPI au Snipe-IT?

Mtunza_Rejesta:
Wanajukwaa, naomba uzoefu wenu. Taasisi yetu ina kompyuta zipatazo 900 katika matawi saba, na kwa miaka kadhaa OCS Inventory ndiyo inayotupatia orodha ya programu zilizosakinishwa katika kila mashine. Rejesta ya mali yenyewe, inayoonyesha nani amekabidhiwa nini na leseni ipi inakwisha lini, bado imo katika faili la Excel ambalo mkaguzi wa ndani amekwisha kulikataa mara mbili. Tunafikiria kuweka GLPI, mfumo wa kusimamia mali za TEHAMA, na kuiunganisha na OCS kwa plagini (programu ya nyongeza). Au kuachana na OCS kabisa na kusakinisha ajenti ya GLPI, yaani programu ndogo inayokaa katika kila mashine na kutuma taarifa zake, kwa kuwa tangu toleo la 10 lililotoka mwaka 2022 mfumo huo unapokea taarifa za mashine bila plagini. Au kuchukua Snipe-IT, mfumo mwingine wa rejesta ya mali ambao wahasibu wetu wameupenda, kisha tuandike skripti ya kupeleka data kupitia API yake, yaani mlango ambao programu nyingine huutumia kuwasiliana nayo.

Fundi_wa_Matawi:
Ndugu mleta mada, nimetumia njia mbili za mwanzo. Plagini ya OCS inasoma moja kwa moja kanzidata ya OCS, jambo linalopendeza siku ya kwanza, lakini baada ya hapo kila unapotaka kupandisha toleo la GLPI unalazimika kusubiri kwanza plagini nayo ipandishwe. Ajenti ya GLPI hutuma taarifa zake kwa muundo wa JSON hadi kwenye seva, na kwa tawi ambalo mtandao wake unasuasua unaweza kuiagiza iandike faili, ukalichukua kwa flashi na kuliingiza baadaye. Gharama yake ni kazi ya kusambaza ajenti mpya katika mashine zote 900, na hiyo si kazi ya wikiendi moja.

Binti_Leseni:
Wahasibu wako wanaipenda Snipe-IT kwa sababu nzuri: makabidhiano na tarehe za ununuzi vimepangwa vizuri. Hata hivyo, leseni ndani ya Snipe-IT ni nafasi ulizonunua na watu au mashine ulizozigawia; mfumo huo haukujengwa kuhifadhi kila programu iliyokutwa kwenye diski. Piga hesabu. API yake, kwa mpangilio wa kawaida, inaruhusu maombi 120 kwa dakika. Kuhuisha mashine 900 kwa maombi mawili kila moja ni robo saa, hakuna tatizo. Ila ukitaka kupeleka programu moja moja, na tuseme kila mashine ina programu 100, hayo ni maombi 90,000, yaani saa kumi na mbili na nusu, na usiku umekwisha.

Mzee_wa_Seva:
Mnabishana juu ya bomba ilhali shida iko kwenye maji. Swali langu ni hili: mfumo utajuaje kwamba mashine iliyoonekana leo ndiyo ile iliyonunuliwa mwaka juzi? Sisi tulitegemea namba ya seriali peke yake. Kumbe kompyuta za kuunganishwa dukani nyingi zilikuwa na maneno "To be filled by O.E.M." mahali pa namba, na usiku wa kwanza mashine kadhaa zikaingizwa kama kifaa kimoja ambacho kila saa kilibadilisha mtumiaji. Anwani ya MAC, yaani namba ya kifaa cha mtandao, nayo si salama ikiwa wafanyakazi wanaazimana adapta za USB za mtandao. GLPI ina orodha ya thamani za kupuuzwa pamoja na kanuni za ulinganishaji unazoweza kuzipanga, ukianza na UUID (kitambulisho kilichomo ndani ya mashine yenyewe) na seriali kwa pamoja; ukichagua skripti yako mwenyewe, yote hayo utayaandika kwa mkono.

Fundi_wa_Matawi:
Nakubaliana na Mzee. Na atakayeandika skripti ya PowerShell ya kukusanya orodha ya programu kwenye Windows asisome orodha iitwayo Win32_Product, kwa maana kila swali huifanya Windows ikague upya programu zote zilizosakinishwa kwa vifurushi vya MSI. Asome funguo za Uninstall katika rejistri, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, za biti 64 na za biti 32.

Binti_Leseni:
Baada ya kutambua mashine kuna tatizo la kutambua programu kwa majina yake. Lebo za programu za kiwango cha ISO/IEC 19770-2 zilikusudiwa kumaliza tatizo hili, lakini si kila mtengenezaji anaziweka. Adobe Acrobat ya biti 64 huonekana kwa jina hilohilo iwe ni ile ya kusomea bure au ya kulipia, kwa hiyo ukihesabu majina tu utajipelekea deni lisilokuwapo. Java ni kinyume chake. Java 8 ya Oracle ilikuwa bure kwa matumizi ya biashara hadi sasisho la 202. Kuanzia la 211, la Aprili 2019, masharti yalibadilika, na tangu Januari 2023 usajili wa Oracle unahesabiwa kwa idadi ya wafanyakazi wote badala ya mashine. Njia yoyote inayokata namba ya toleo ili kurahisisha orodha itakuficha jambo hilo. Kamusi ya programu ya GLPI inaunganisha majina yanayofanana. Itumie kwa majina, usiiruhusu iguse matoleo.

Mtunza_Rejesta:
Nawashukuru. Tutaweka ajenti ya GLPI katika tawi moja lenye mashine 60, tuiache OCS ikifanya kazi sambamba kwa mwezi mmoja, kisha tulinganishe mashine kwa mashine kabla ya kugusa matawi mengine. Wahasibu nitawaeleza kwamba makabidhiano na tarehe za ununuzi yanaweza kuandikwa ndani ya GLPI pia. Kuhusu Java, nimechungulia OCS sasa hivi: mashine kumi na moja zina Java 8 ya Oracle, na nne kati yake zimepita sasisho la 202.