Ekari 160 kwa dola 10: hii habari ya Wayahudi wa Saskatchewan ni kweli?

Mkulima_Namanyonyi:
Wakuu, salamu kutoka Mbale. Sabato iliyopita majirani zetu Abayudaya (Wayahudi wa hapa Uganda) wa Nabugoye walipata mgeni, mama mmoja wa Kanada. Akatusimulia kwamba babu yake alikimbia Urusi akaenda kulima ngano Wapella, Saskatchewan, huko Kanada, na serikali ikampa ekari 160 kwa ada ya dola 10. Mimi na binamu yangu hatusalimiani kwa sababu ya mstari mmoja wa migomba! Je, inawezekana? Na kama ardhi ilikuwa rahisi hivyo, mbona kwao hakuna mjukuu hata mmoja anayelima?

Mwalimu_Tororo:
Ni kweli, ndugu. Ni sheria ya Kanada ya 1872. Lakini hati hupewi mpaka uishi pale miaka mitatu, ujenge na ulime. Tena fikiria walikotoka: Tsar Alexander II aliuawa 1881, Wayahudi wakavamiwa, na mwaka uliofuata wakakatazwa kuhamia vijijini au kununua ardhi huko. Wengi walikuwa washonaji na wachuuzi, plau hawajawahi kuishika. Baridi inashuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri, nao wako kwenye vibanda vya mabonge ya udongo yaliyokatwa na nyasi zake. Hao akina Bronfman, matajiri wa pombe, baba yao alifika Wapella 1889. Alikuwa mkulima wa tumbaku. Tumbaku kwenye theluji! Wakahamia mjini Brandon.

Mama_Sinagogi:
Kaka, baridi ni nusu tu ya jibu. Kwa desturi ya Kiyahudi, kusali kikamilifu kunahitaji wanaume kumi. Kila familia ikikaa katikati ya ekari zake 160, hao kumi utawakusanyaje wakati wa theluji? Nyama ya kosher, iliyochinjwa kwa sheria yetu, utaipata wapi, na binti ataolewa na nani? Watoto wakifuata shule Winnipeg hawarudi. Halafu miaka ya 1930 ukaja ukame, upepo ukabeba udongo wa shamba. Hapo hata wenye moyo waliuza.

Mkulima_Namanyonyi:
Asante, dada. Lakini si Waingereza waliwapa Wayahudi Uganda? Wangekuja hapa kwenye matoke!

Mwalimu_Tororo:
Ulikuwa "mpango wa Uganda" kwa jina tu. Ardhi ambayo Chamberlain, waziri wa makoloni wa Uingereza, alimtajia Herzl, kiongozi wa Wazayuni (Wayahudi waliotafuta nchi yao), 1903 ni Uasin Gishu, iliyokwisha kuhamishiwa upande wa Kenya 1902. Mkutano wa Wazayuni huko Basel ukaikataa 1905. Abayudaya ni habari nyingine kabisa, hao walianza na Kakungulu wetu 1919.

Mzee_wa_Kapchorwa:
Mnahesabu ekari tu. Wanandi na Wamaasai wa huko Uasin Gishu nani aliwauliza? Huko Wapella nako Wacree, wenyeji wa asili, walishatiliana mkataba na serikali 1874 na kusukumiwa kwenye maeneo ya kutengewa, ndipo ardhi ikawa ya dola 10. Wewe na binamu yako angalau mnajua migomba ilipandwa na nani.

Mkulima_Namanyonyi:
Mzee, ilipandwa na babu. Ndiyo kesi yenyewe.