Mrejesho: kibaiskeli cha mtoto kisicho na pedali kimefika Mtwara

Wakuu, niliuliza kama kibaiskeli cha mtoto, kile cha kujisukuma kwa miguu, kitafika salama kwa basi kutoka Kariakoo. Kimefika. Boksi lilichanika pembe moja, ila fremu ilizungushiwa sponji, mkwaruzo ni mmoja tu kwenye uma wa mbele.

Aliyesema nikague nati, ubarikiwe. Ya gurudumu la nyuma nilizungusha kwa vidole! Spana iliyokuja nayo ni kibati tu, ikajikunja hapo hapo, nikapeleka kwa fundi baiskeli hapa Mikindani akakaza zote. Maungio ya fremu nimeyapapasa, yamechomelewa vizuri.

Kilichonikera ni vishikio. Kimoja kimechanika mwishoni ndani ya wiki, ncha ya bomba iko wazi, na mtoto akianguka inamchoma tumboni. Muuzaji nimemtumia picha, kasoma, kimya. Nimenunua vingine mwenyewe.

Matairi ni ya sponji ngumu, hayana upepo, kwa hiyo miiba siiogopi. Mchangani hayaendi kabisa. Kiti nimekishusha mpaka mwisho ili nyayo zikanyage chini, na sasa baraza yote ni yake, bibi yake kahamishia mkeka ndani.